Uzi wa Chini ya Ulimi

Habari yenyewe niliipata kwenye foleni ya bomba. Mwanamke mmoja, simjui hata leo, alikuwa anamsimulia mwenzake. Alisema kuna mtoto alizaliwa hasemi. Wazazi wakahangaika naye mpaka wakachoka. Halafu akapatikana mzee mmoja anayejua. Akamfungua mtoto kinywa, akakata ule uzi wa chini ya ulimi, basi. Mtoto akatema damu, akasema, "Naomba maji."

Naomba maji. Maneno mawili tu. Nilirudi nyumbani na ndoo yangu, na maneno yale yakarudi pamoja nami. Nikipika, yapo. Nikifua, yapo. Nikijilaza ndiyo kabisa, kama mtu ameketi kichwani mwangu anayarudia.

Maana mimi nina binti, na wakati huo alikuwa na miaka minane. Hajawahi kuniomba maji.

Alipokuwa anaanza kutembea aliugua homa kali. Alilazwa, akapona, tukashukuru. Lakini yale maneno yake machache aliyokuwa ameanza, "mama", "baba", "nipe", yakapungua taratibu mpaka yakaisha. Tukasema ataanza tena. Hakuanza.

Nyumbani tulimwita Pilipili. Ukimnyima kitu anajitupa chini. Ukimshika mkono kwa nguvu anakuuma. Shuleni alikaa muhula mmoja, mwalimu akaniambia, "Mama, huyu simwezi." Majirani wakasema tumemdekeza. Na sisi wenyewe tulisema hivyohivyo, kwa sababu tuliamini anasikia.

Baba yake ni seremala. Karakana yake iko nyuma ya nyumba. Ubao mzito ukianguka kwenye sakafu, Pilipili anashtuka, anageuka.

"Umeona?" mume wangu aliniambia siku moja. "Masikio mazima kabisa. Huyu shida yake ni ulimi. Na kiburi kidogo."

"Kiburi kakitoa kwenu."

"Kwetu tunasema sana, mama watoto. Ukimya ni wa kwenu."

Tukacheka. Lakini mimi moyoni nilikuwa na lile la uzi.

Nikamweleza wifi yangu, shangazi yake Pilipili. Wifi ni mtu wa kushika jambo likashikika. Haikupita wiki, akaja na habari kamili. Mzee anajulikana. Anakaa mbali, ni safari ya basi ya siku nzima. Anatumia wembe mpya, ukitaka unakwenda nao mwenyewe.

"Jumatatu tunaondoka," wifi akasema. "Mimi, wewe na mtoto. Kaka abaki na kazi zake. Wanaume hawawezi kuona damu."

"Na mtoto akiogopa, wifi?"

"Atashikwa. Tulishikwa wote wakati wa sindano, tulikufa?"

Nikakubali. Nilichosema ni kwamba mtoto hawezi kusafiri na gauni lililopasuka kwapani. Nikamchukua, nikampeleka kwa fundi.

Mafundi wale walikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi. Sakafu yao ni ya mbao. Wanawake watatu, cherehani tatu, wote watatu viziwi. Mbele ya kila cherehani palikuwa na kioo kimepigiliwa ukutani. Mtaani watu walisema wale mafundi hawana kazi ila kujitazama. Mimi nilikwenda kwao kwa sababu mshono wao haufumuki.

Fundi mkubwa alikuwa na pini zimejaa kwenye ukosi. Pembeni alikaa mdogo wake, muuguzi wa kliniki ya masikio, ambaye siku za mapumziko huja kushona vifungo. Huyu anasikia. Ndiye aliyetusemesha.

"Karibu dada. Gauni la nani, lako au la huyu mrembo?"

"La huyu. Lakini nakwambia mapema, hapimiki. Atakuuma."

Muuguzi akamgeukia dada yake, akazungumza kwa mikono. Fundi akacheka. Hakumshika Pilipili. Alichuchumaa mbele yake mpaka nyuso zikawa sawa. Akamwonyesha utepe wa kupimia. Akajipima pua yake mwenyewe, akatoa macho kama mtu aliyeona pua ni ndefu mno. Akampa Pilipili utepe, naye akampima pua ile. Kisha fundi akanyoosha mikono pande zote, akamwonyesha: hivi, na wewe. Pilipili akanyoosha mikono, akapimwa kifua, kiuno, mabega. Katulia.

Nilisimama pale kama mgeni. Mtoto wangu alikuwa anatii, na hakuna aliyefungua mdomo.

"Fundi anauliza," muuguzi akasema, "gauni la sherehe au la shule?"

"La safari."

"Mnakwenda wapi?"

Nikaeleza. Sikuona sababu ya kuficha. Nilieleza la mzee, la wembe, la uzi. Muuguzi alikuwa anatafsiri kwa mikono huku nasema. Nilipofika kwenye wembe, mikono yake ikaenda polepole.

Fundi akaweka chaki chini. Akanisogelea. Akafungua kinywa, akainua ulimi.

Chini yake palikuwa na kovu, limejikunja kama pindo lililoshonwa vibaya.

Halafu akaanza kuzungumza kwa mikono, na muuguzi akawa anasema maneno yake.

"Nilikuwa mkubwa kidogo kumpita huyu. Walinishika mikono, wakanishika miguu. Mama alinishika kichwa. Hakuna aliyeweza kunieleza ni kwa nini. Nilidhani nimekosa kitu, naadhibiwa. Nikawa nafikiri, nimekosa nini? Kidonda kikaoza. Nikalishwa uji mpaka watu wakadhani nakufa."

"Na ulipopona," nikauliza, "ulisema?"

Muuguzi akamtafsiria. Fundi akanitazama, akajibu.

"Ulimi wangu haukuwa na kosa. Yaliyokuwa hayafanyi kazi ni masikio. Wewe ukiumwa goti, utang'oa jino?"

Nilimshika Pilipili nikamvuta kwangu. "Lakini wangu anasikia," nikasema. "Ubao ukianguka anageuka. Baba yake kaona, mimi nimeona."

Fundi hakubishana. Alimkalisha Pilipili kwenye kiti, akampa kopo la vifungo achezee. Akaenda nyuma yake, akapiga mguu chini. Sakafu ikatetema. Pilipili akageuka palepale.

"Si hivyo nilivyosema?" nikasema.

Fundi akainua kidole: subiri. Akamchukua Pilipili, akamweka juu ya furushi kubwa la vitambaa, miguu haigusi sakafu. Muuguzi akasimama nyuma yake, mbali kidogo, kivuli chake kisimfikie. Akachukua sufuria na kijiko cha chuma, akavishika hewani, akapiga. Mimi niliziba masikio. Watu wa duka la chini walipaza sauti kuuliza kuna nini.

Pilipili alikuwa anapanga vifungo, vyekundu huku, vyeupe huku.

Muuguzi akapiga tena. Vyekundu huku, vyeupe huku.

Muuguzi akanivutia kiti.

"Dada," akasema, "ubao ukianguka, sakafu inatetema. Yeye anausikia kwa miguu. Mlango ukibamizwa, anapata upepo. Ukimkaribia kwa nyuma, anaona kivuli. Viziwi wengi wako hivyo, wepesi kuliko sisi. Wazazi wanasema, anasikia, ila hataki. Kumbe hasikii. Na mtoto hujifunza kusema kwa kusikia wenzake wakisema. Kama neno halijaingia, litatokaje? Ukate ulimi, ukate nini, halitoki."

"Basi hatasema maisha yake."

"Nani kakwambia? Tangu umeingia humu, dada yangu amenyamaza?"

Kweli, fundi alikuwa amesema kuliko sisi wote.

"Ile ni lugha," muuguzi akaendelea. "Si kuigiza wala kubahatisha. Inaitwa lugha ya ishara. Ina maneno yake na mpangilio wake. Mikono inasema, na uso unasema. Wanasimulia, wanagombana, wanataniana. Wanasoma shule kwa lugha hiyo."

"Hata umbea wanao?" Sijui kwa nini nilimuuliza hilo. Nafikiri nilitaka kulia nikaogopa.

Muuguzi akatafsiri. Mafundi wote watatu wakacheka, mmoja akapiga meza. "Wanasema umbea ndio usiseme," muuguzi akanijibu. "Tena hawana haja ya kunong'ona. Wanaweza kukusengenya kutoka ng'ambo ya barabara, na wewe unawapungia mkono."

Nikauliza na habari ya vile vioo. Fundi akaniketisha kwenye cherehani yake. Kwenye kioo niliuona mlango, ngazi, na kila mtu aliye nyuma yangu. Akaniuliza kwa mdomo wa mdogo wake: "Mteja akiingia wakati nimeinama, nitamwona kwa kitu gani?" Nikaona haya kwa yale maneno ya mtaani.

Tulipotoka, fundi aliniambia jambo moja tu. "Kabla hujampeleka kwa wembe, mpeleke kliniki. Akapimwe masikio. Mdogo wangu atakuwepo."

Nyumbani, mume wangu alinisikiliza huku anapiga randa.

"Mtu mmoja na sufuria," akasema. "Hicho ndicho kipimo?"

"Mpime wewe."

"Dada yangu ameshapanga safari. Nitamwambia nini?"

"Mwambie umempima."

Akarudi kwenye ubao wake. Jumapili jioni wifi akafika na begi lake, na wembe kwenye karatasi. Alikuta sijafunga hata mfuko mmoja, akajua.

"Nini tena?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akajipangusa shingo.

"Wifi, sasa unafundishwa na mabubu?"

"Nimefundishwa na kovu. Nimeliona kwa macho yangu."

"Huyo alikatwa na asiyejua. Kila kazi ina fundi wake. Kaka, sema wewe. Mtoto akae hivi mpaka azeeke? Siku mkifa ninyi, ataomba maji kwa nani?"

Hapo alinipata. Lilikuwa swali langu mwenyewe.

Mume wangu akasimama. Akamchukua Pilipili, akaenda naye karakanani, sisi nyuma yake. Kwenye kona palikuwa na gunia lililojaa maranda, yale mabaki membamba ya mbao. Akamweka juu yake, miguu ikaning'inia. Akampa vipande vya mbao achezee. Akarudi nyuma mpaka ukutani. Akashika kopo la misumari mkono mmoja, nyundo mkono wa pili. Akapiga.

Wifi aliruka akanishika bega.

Pilipili alikuwa anajenga nyumba.

Akapiga tena. Akaweka nyundo chini. Akaita, "Pilipili." Akaita kwa nguvu. Kisha akaita jina lake la kuzaliwa, ambalo hatulitumii. Mwishoni akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, geuka tu."

Pilipili akaweka paa kwenye nyumba yake.

Mume wangu alikaa sakafuni, mgongo ukutani. "Nilimchapa," akasema. "Kwa kutonijibu, nilimchapa."

Wifi alikuwa bado amenishika bega. Akasema, "Sasa akikatwa je, haitasaidia hata kidogo?"

"Dada," mume wangu akasema, "mlango haufunguki kwa sababu bawaba zimekwama. Wewe unataka nipasue dirisha."

Wifi akatoa ile karatasi, akaiweka juu ya meza ya kazi. "Utachongea penseli zako," akamwambia. Safari ikafa hapo.

Kliniki tulikwenda watatu. Pilipili alipimwa kwa mashine. Daktari akamtazama na chini ya ulimi. Akasema wapo watoto wachache ambao uzi ule ni mfupi, wanapata shida kunyonya au kutamka, na hao hutazamwa hospitali. Wetu uzi wake ni mzima. Wapo pia wanaosaidiwa na vifaa vya kusikilizia, hasa wakiwahiwa. Wetu, ile homa iliharibu masikio ndani kabisa. Muuguzi akatueleza: "Msisubiri asikie ndipo mzungumze naye. Anzeni leo. Na muanze nyumba nzima, si mama peke yake."

Kila Jumamosi mchana mafundi wale hufunga kazi mapema na kufundisha wazazi. Tukawa tunakwenda. Kufundishwa ukubwani ni kazi. Vidole vyangu vilikuwa vigumu kama vya kuazima. Mume wangu, ambaye anaweza kuchonga ua kwenye kitanda, alishindwa kukunja vidole viwili na kuacha kimoja.

"Wewe unazungumza kama mtu aliyevaa soksi mikononi," fundi alimwambia, kwa mdomo wa mdogo wake.

"Mwambie na yeye aje anyooshe msumari," mume wangu akajibu.

Pilipili hakuhitaji kufundishwa mara mbili. Alikuwa kama ardhi kavu iliyopata mvua. Siku ya kwanza maji, chakula, paka. Baadaye akaunganisha: paka anakula chakula changu. Akaanza kushtaki. Akaanza kudanganya. Siku aliyonidanganya mara ya kwanza, kwamba sukari kaimwaga baba yake, nilimkumbatia badala ya kumgombeza.

Kwa viziwi, jina hujitwalii. Unapewa na wenzako, kwa ishara, baada ya kukutazama. Pilipili alipewa kidole kilichokunjwa kando ya pua, kwa vile anakunja pua anapofikiri. Aliporudi nyumbani akatugawia na sisi majina. Mimi ni kupangusa mikono kiunoni. Baba yake ni kupuliza vumbi begani. Wifi aliposikia akaja mbio.

"Na mimi nani?"

Pilipili akatikisa kidole cha kukaripia, uso mkali.

"Mimi ndivyo nilivyo?"

"Hata mimi ningekuita hivyo," mume wangu akasema.

Wifi akanuna siku nzima. Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika kwa mafundi.

Lipo jambo moja lililoniuma, nalisema ili lisikuumize na wewe. Siku moja Pilipili alinyooshea kidole mafundi kwenye picha tuliyopiga pamoja nao, akaashiria: kiziwi. Akajinyooshea yeye: kiziwi. Alikuwa anatabasamu kabisa. Kisha akaninyooshea mimi: anasikia. Nikaona kama nimewekwa nje ya mlango. Nikamlalamikia muuguzi.

"Hajakutoa," akaniambia. "Amekwambia yeye ni nani. Miaka minane alidhani yuko peke yake duniani. Sasa kajua wapo wengine, wakubwa, wenye kazi, wenye vichekesho. Mimi nimekua na dada kiziwi. Upo utani wao ambao mpaka leo siupati, nao wanacheka mbele yangu. Bado ni dada yangu, na bado ananidai nimshonee vifungo."

Nikanywea. Tangu siku hiyo sisemi "mtoto wangu ana tatizo". Nasema ni kiziwi, anatumia lugha ya ishara.

Siku hizi yuko katika shule ya viziwi. Anasoma, anaandika. Kazi ya mume wangu humtoa nyumbani mara kwa mara, akienda kupachika milango na madari. Zamani kila akibeba kisanduku cha zana, Pilipili alimshika mguu, akauma, akapiga kichwa chini. Tulimwita mkorofi. Jioni moja, baba yake akiwa safarini, nilimuuliza kwa ishara: mbona zamani ulikuwa unamuuma baba?

Akakunja pua, akafikiri. Kisha akaniambia: "Alikuwa anakwenda. Nilidhani harudi."

Kila safari. Miaka yote ile, kila safari alidhani baba yake ndiyo amekwisha kwenda, na hakukuwa na mtu hata mmoja ndani ya nyumba aliyeweza kumwambia: atarudi kesho kutwa.

Sasa baba yake hupiga magoti mlangoni na kisanduku chake. Kwa vidole vyake vizito humwambia: leo naondoka, nalala mara mbili, narudi. Pilipili humsahihisha ishara moja au mbili. Kisha hurudi kwenye chai yake.

Basi wewe mwenye mtoto asiyesema, nakuomba ujiepushe na haya:

Usikubali mtoto akatwe ulimi kwa habari ya kwenye foleni. Kama una shaka na ulimi, mwone daktari.

Usimpime masikio kwa kubamiza mlango au kuangusha kitu. Anasikia kwa miguu. Mpeleke akapimwe.

Usimpige kwa kutoitika.

Usimwite bubu, wala usiache watu wamwite. Hasikii, kusema anasema, kwa mikono.

Usiseme naye umempa kisogo, wala gizani, wala mdomo umejaa. Mguse bega kwanza, akuone uso.

Usimfunge mikono wala kuichapa anapoashiria. Hapo umemziba kinywa.

Usimwachie mama peke yake. Baba, shangazi, kaka, dada, wote wajifunze.

Usimkataze kuwa na viziwi wenzake. Hawatakunyang'anya.

Usiongee kwa niaba yake kliniki wakati yuko anayeweza kumkalimania. Wewe hujui wapi panauma.

Usiondoke nyumbani bila kumwambia utarudi lini.

Na usingoje mpaka afike miaka minane.